Donge Kwenye Kona ya Blanketi

Wanangu wa kikundi cha ushonaji, mmeniomba niandike jinsi kazi yangu ilivyokuwa tangu mwanzo, kwa kuwa sasa nimestaafu. Nilicheka kidogo niliposikia neno hilo. Mke wa mkulima anastaafu vipi? Hakuna aliyeniandikia barua, na jembe langu bado liko nyuma ya mlango. Lakini jicho la kushoto limefunga kabisa, la kulia lina ukungu, na siku nilipomshonea Neema mwenzenu kiraka cha maua kichwa chini miguu juu bila kujua, nikaona basi, imetosha. Nikamkabidhi mkasi. Kuandika bado naweza mradi herufi ziwe kubwa, ndiyo maana daftari hili litakwisha upesi.

Vyeo sina vya kusimulia. Nilipandishwa mara moja tu, nilipojifungua mtoto wa kwanza nikaanza kuitwa Mama Leticia. Baada ya hapo walizaliwa wengine wanne na cheo kikabaki kilekile.

Siku ya tatu baada ya kuolewa, nikiwa bado naogopa hata kukohoa katika nyumba ile, mama mkwe wangu aliniita uani. Nilimwita Mayu, ndivyo tunavyosema mama kwa Kisukuma. Alikuwa mfupi, mkali, na akijua kitu ambacho hakuna mwanamke mwingine wa upande huu wa Kamanga aliyekijua: kushona blanketi la viraka. Alijifunza kwa masista wa misheni alipokuwa akiwafulia nguo. Juu viraka, chini kitambaa cha marekani, katikati pamba, halafu unapitisha sindano tabaka zote tatu ili pamba isikimbie. Pamba yenyewe ilikuwa ya shambani kwetu. Ile safi ilikwenda kwenye mizani, na ile fifi, yenye madoa, ambayo mnunuzi angeikunjia uso, ilibaki kwa Mayu.

Aliniwekea ungo wa pamba mapajani. "Fumba macho," akasema.

"Mayu, nitachambuaje nikiwa nimefumba?"

"Macho yanaona weupe tu, yanaridhika. Mbegu zitafute kwa vidole."

Nilichambua siku nzima hadi kucha zikauma. Jioni akachota konzi moja kutoka kwenye rundo langu, akaiminya, akatoa mbegu nne na kuziweka mbele yangu. Huo ndio ulikuwa mtihani wangu wa kwanza, na nilianguka.

Wa pili nilianguka vibaya zaidi. Msimu uliofuata nilishona blanketi langu mwenyewe, na kwa haraka ya ujana nikalijaza pamba iliyochambuliwa nusunusu. Nikasema moyoni, nani atafungua kuangalia ndani? Nikaenda kulifua ziwani, na wiki ile mvua haikukatika. Nililikunja likiwa bichi, nikaliacha juu ya magunia nyuma ya jiko nikisubiri jua. Nilipokuja kuliinua, lilikuwa limeota. Sisemi ukungu, nasema miche. Vichipukizi vya pamba vilikuwa vimetoboa viraka na kusimama, vina majani mawili mawili.

Mayu aliita majirani. "Njooni muone! Mkamwana wangu amelima kitandani!"

Walikuja, wakacheka hadi wakakaa chini. Nilikuwa nataka ardhi inimeze. Ndipo mume wangu Masalu akatoka shambani, akaweka jembe, akachuchumaa mbele ya lile blanketi na kulikagua kwa utaratibu, kona hadi kona, kama bwana shamba. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tupalilie lini?"

Nadhani siku hiyo ndiyo nilimpenda Masalu. Kuolewa nilikuwa nimeshaolewa.

Tangu siku hiyo hakuna mbegu iliyonipita. Ninyi mnajua, mmenilalamikia sana. Nilikuwa nikigusa blanketi lililokwisha kushonwa na kuwaambia, hapa kuna mbegu moja, fumueni. Mlikuwa mnadhani nawatania, mnafumua, mnaikuta.

Kuhusu zana, nitasema machache kwa sababu siku hizi mna cherehani. Nunueni sindano ndefu yenye tundu kubwa, na siku ikipinda msiinyooshe kwa meno. Kwenye kidole cha kati fungeni kipande cha ngozi ya kiatu kikuukuu, kinazuia sindano vizuri kuliko vile vikofia vya bati. Mkasi wa nguo ni wa nguo. Haukati karatasi, haukati kamba, haukati samaki. Wangu ulikuwa na msumari wake ukutani, na katika nyumba yangu mtoto aliweza kusamehewa kuvunja chungu lakini si kuutoa mkasi kwenye msumari.

Miaka ya mwanzo tabu yetu ilikuwa vitambaa. Nguo zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na shati lilivaliwa hadi likawa kola tupu. Hata fundi wa mjini alikuwa akikunja mabaki yake na kuyafungia. Halafu ikaja miaka ya tisini na soko huria. Nikivuka na pantoni kwenda Mwanza, nilikuta mitumba imemwagwa chini kama mahindi yanayoanikwa. Suruali za kodrai, magauni ya watu wanene wa huko Ulaya, mapazia. Fundi mmoja wa Pasiansi alianza kunipa mabaki kwa gunia, tena akishukuru kwamba nampunguzia takataka. Nilirudi nyumbani nimekumbatia gunia, roho imejaa. Nilichojifunza kwa hasara ni hiki: kitambaa kinachovutika msikitie kwenye blanketi hata kikiwa kizuri namna gani. Kitacheza na viraka vya jirani zake hadi vyote viende upande.

Upande wa shamba mambo nayo yaligeuka. Zamani pamba yote ilipelekwa mahali pamoja, kwenye ghala la ushirika. Sasa yalikuja malori tofauti na mizani tofauti, kila mnunuzi akiapa kwamba mizani ya mwenzake ni ya uongo. Nafikiri katika hilo wote walisema kweli. Ghala likabaki kivuli cha mbuzi. Masalu hakupenda kelele zile. Alikuwa mtu wa kung'oa maotea, yale mashina ya pamba ya msimu uliokwisha, na kuyachoma kwa wakati, wa kulima mstari ulionyooka. Lakini msimu mmoja malori yaligombania pamba yetu, na siku hiyo alirudi kutoka mjini na kitu kimoja alichojinunulia mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kabla wala baada. Lilikuwa shati la bluu la drili.

Lile shati! Alilivaa kanisani, kwenye mizani, na kwenye vikao vya shule. Kila mara alilichomekea vizuri ndani ya suruali na kupitisha viganja kiunoni kuhakikisha. Mimi nikimfulia nililianika kivulini lisipauke. Hadi leo nikisikia mtu anasema bluu, ndiyo bluu ninayoiona.

Wakati huo nilikuwa nashona blanketi la nyumba. Hilo mnalijua, ndilo ninalojifunika. Kila mraba wa blanketi nauita dirisha, na katika blanketi lile kila dirisha lilikuwa la mtu wetu. Kulikuwa na kaniki ya Mayu, ambaye alikuwa ameshatutoka. Kulikuwa na kitenge nilichoolewa nacho, gauni la ubatizo la Leticia, na sare za shule za wadogo zake. Dirisha la katikati nililiacha marekani tupu. Nilikuwa nangoja shati la bluu lichakae.

Halikupata muda wa kuchakaa. Masalu aliugua kifua. Tulivuka naye kwenda hospitali, tukarudi, tukavuka tena, na mara ya tatu akasema anataka kukaa nyumbani. Alikonda hadi suruali ikawa haimkai. Mimi na Leticia, aliyekuwa msichana mkubwa amemaliza darasa la saba, tulikwenda shambani asubuhi na kumwachia uji na maji. Alilala akijifunika lile blanketi ingawa halijakwisha, kwa sababu lilikuwa na joto. Lilikuwa limebaki kona moja ya chini tu, ambayo nilimpa Leticia aijaze na kuifunga. Leticia ndiye alikuwa fundi wangu. Kati ya wote niliowafundisha, ninyi mkiwemo na msinune, hakuna aliyekuwa na mkono kama wake.

Asubuhi moja Masalu aliniita. "Mama Leticia, chukua mkasi ukate shati langu la bluu."

"Bado jipya," nikasema.

"Kata tu. Nikiondoka watagawana. Hutapata hata kifungo."

"Nyamaza, Baba Leticia. Sitaki kukuchuria."

Mimi nililelewa hivyo, na wengi wenu pia: nguo ya mgonjwa haikatwi. Ukiitia mkasi umeshakata tamaa naye, umeshamweka kundi la marehemu naye anakutazama. Masalu akatabasamu kidogo.

"Haya. Basi nitungie uzi. Kifungo cha suruali kimelegea."

Nilimtungia uzi mweupe, nikaufanya mara mbili uwe na nguvu, tukaenda zetu kupalilia. Tuliporudi alikuwa amelala, sindano ameichomeka ukutani. Mkasi haukuwa kwenye msumari. Niliukuta chini ya kitanda, nikawagombeza wadogo zake Leticia, wakaapa hawakuugusa, na mimi sikuamini.

Masalu alifariki wiki tuliyoanza kuvuna. Sitaandika habari za siku ile. Nitasema tu kwamba pamba ilikuwa imepasuka shamba zima, nyeupe, na hakukuwa na mtu wa kuichuma.

Siku ya kumaliza matanga, wazee wa ukoo walitoa sanduku lililokuwa chini ya kitanda na kugawa nguo zake, kama desturi yetu ilivyo. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na khanga kichwani. Suruali ilikwenda kwa mpwa, koti kwa baba mdogo. Shati la bluu lilikwenda kwa shemeji yangu Bundala, mdogo wake. Nililiona linapita mbele ya magoti yangu likiwa limekunjwa. Ningesema, naombeni kipande kidogo, kiasi cha kiganja. Mdomo haukufunguka. Kwetu mjane anayedai nguo za marehemu anaonekana hajamwachia aende, na maneno yataanza. Nikanyamaza. Nimejuta kunyamaza kule maisha yangu yote.

Usiku wa kwanza kujifunika blanketi lile peke yangu, mguu wangu ukagusa donge kwenye kona ya chini. Asubuhi nikalichunguza. Pamba imesongamana, ndani kugumu kidogo kama kuna mbegu, na nusu ya kona imefungwa kwa mishono ya ajabu, mirefu, inapanda na kushuka, uzi mara mbili. Kuku akipewa sindano angeshona vizuri zaidi. Nikamwita Leticia.

"Hii ndiyo kazi niliyokufundisha?"

Akainama akaangalia. "Siyo mimi, mama. Mimi nilifunga hadi hapa tu."

"Kwa hiyo ni paka?"

"Mama, siyo mimi."

"Baba yako yuko kitandani anakufa, wewe unamshonea hivi! Na uongo juu!"

Nilikuwa na uchungu uliokosa pa kwenda, ukamwendea yeye. Leticia aliinuka. Aliichukua sindano yake, akaichomeka kwenye gunia la mabaki, na hakuigusa tena. Mwaka uliofuata alikwenda kwa shangazi yake mjini, akasomea kufundisha chekechea, akaolewa. Sasa yuko Buzuruga, hukohuko mjini, na wajukuu zangu watatu na maisha yake ni mazuri. Anakuja kila Krismasi, na kila Krismasi ananiletea blanketi la dukani lenye picha ya simba. Ninayo mengi, simba wamejaa kabatini. Hajawahi kuniomba nimshonee mwanawe hata moja, na mimi sikuwahi kuthubutu kumpa.

Miezi kadhaa baada ya msiba Bundala alipita kutusalimia. "Shemeji," akasema, "lile shati mlilonirithisha limeliwa na panya nyuma, chini kabisa. Nikilichomoa tu kwenye suruali, aibu."

"Nyumba hii haina panya," nikamjibu, nikidhani anatafuta namna ya kupewa jingine. Lakini nikajikaza. "Shemeji, kama huna kazi nalo, niletee kipande."

Akajikuna kichwa. Alikuwa ameshalichana, alifutia baiskeli. Nikaingia ndani nikalia kama mtoto.

Kwa hiyo blanketi la nyumba likabaki hivyo, dirisha la katikati tupu na donge kwenye kona. Mtauliza, fundi mzima, kwa nini sikulifumua donge? Mwanzoni sikutaka kugusa kilichoshonwa wakati yeye yuko hai. Baadaye, nisiwadanganye, nililiacha kama ushahidi. Nilikuwa bado na kesi na mwanangu. Na mlipoanza kuja kujifunza, nikalipatia kazi. Kila mwaka niliwashikisha kona ile mmoja mmoja na kuwaambia, huu ndio ujazaji mbaya, hii ndiyo mishono ya mtu asiyejali. Nani kati yenu hakushikishwa? Zaidi ya miaka ishirini nimelihubiri donge lile.

Siku niliyomkabidhi Neema mkasi, alisema, "Bibi, kazi yangu ya kwanza nitakurekebishia kona yako." Nikasema haya. Alikaa mlangoni penye mwanga akaanza kukata nyuzi. Nikamsikia ameacha.

"Bibi, humu kuna kitambaa."

"Ni pamba imeshikana, ivute."

"Siyo pamba. Kimekunjwa. Cha bluu."

Aliniwekea mkononi. Sikuhitaji jicho. Drili naijua, na upindo wa chini wa shati lile nimeupiga pasi kwa mkaa mara ngapi? Kilikuwa kipande cha nyuma, kile kinachochomekewa ndani ya suruali, kimekatwa na mtu asiyejua kushika mkasi, upande mmoja umepanda. Kimekunjwa mara nne kama barua. Nilipokikunjua, mbegu tatu za pamba zikaniangukia kiganjani.

Wanangu, aliziweka makusudi. Alijua vidole vyangu. Alijua mimi nikigusa mbegu ndani ya blanketi silali hadi niitoe, kwa hiyo alipiga hesabu kwamba nitafumua siku hiyohiyo nikikute kitambaa changu. Na mbegu zenyewe alijua zitanikumbusha nini. Nilizishika nikasikia swali lake kabisa, kwa sauti yake ya kawaida, tupalilie lini. Mwanamume anakufa, anakaa kitandani na sindano ambayo hakuwahi kuishika maishani mwake, ananishonea mzaha. Nami vidole vyangu vilizisikia mbegu, vilizisikia siku ya kwanza, na badala ya kufumua nikamgeukia mtoto.

Nilimwomba Neema anipigie simu ya Leticia. Ilikuwa mchana, nikasikia watoto wa chekechea wakiimba nyuma yake.

"Shikamoo, mama. Kwema?"

"Marahaba. Leticia, lile donge."

"Mama, hata leo?"

"Hukuwa wewe."

Watoto waliendelea kuimba. Nikamweleza yote, mkasi chini ya kitanda, uzi mara mbili, kitambaa, mbegu. Nilikuwa nalia na sikujificha. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Ulisema mara mbili."

"Mara tatu," akasema. Kisha sauti yake ikakatika, nikasikia anapenga kamasi.

"Kinatosha dirisha?" akauliza.

"Kinatosha. Na pembeni kinabaki kidogo."

"Hicho kidogo ni changu. Mama, usimpe Neema akishone. Usimpe mtu. Nakuja Jumamosi na pantoni ya kwanza. Sindano yangu bado ipo?"

Nilikwenda kupapasa kwenye gunia la mabaki, gunia lilelile. Ilikuwa pale alipoichomeka, imeshika kutu kidogo, nikaisugua kwenye majivu.

Leo ni Alhamisi. Neema aliisawazisha kona ile vizuri sana, kazi safi, namsifu mbele yenu. Lakini jana usiku nilijilaza, mguu wangu unatafuta donge haulioni, unatafuta tena, nikajisikia mjane upya. Kwa hiyo nimekikunja kile kitambaa mara nne kama alivyokikunja, nikaziweka zile mbegu tatu katikati, nikakirudisha kwenye kona hadi Jumamosi.